Samaki wa tangi moja na programu iliyosema SAWA

Najua nimenyamaza muda mrefu tangu ile makala ya hifadhidata, na kuna walioniuliza kama nimeacha kazi au nimehama mji. Sijaacha, sijahama. Nimekuwa nikifuga samaki. Naam, samaki, tena si wa kuliwa. Ukicheka nakuelewa, kwa sababu ukoo wetu wote umecheka. Mimi ni mtoto wa ziwani, nimesomeshwa kwa pesa za samaki, halafu leo natoa pesa mfukoni kununua samaki wa sentimita tatu ambaye hata kwa ugali wa mtoto hatoshi.

Basi leo nataka kuwaeleza jinsi ya kuchagua samaki wanaoweza kuishi pamoja kwenye tangi moja la maji baridi nyumbani. Nitawaeleza hasa kupitia makosa yangu, maana ndiyo ninayoyajua vizuri. Na kwa kuwa huu ni ukumbi wa tarakilishi, programu itakuwemo ndani yake. Tena programu hiyo ndiyo iliyonitia aibu.

Tangi lenyewe nililipata Januari 2024. Mwenzangu kazini alikuwa anahamia nje ya nchi, akaniuliza kama nalitaka, nikasema ndiyo kabla hata ya kufikiri. Ni la kioo, urefu sentimita 60, upana 30, kimo 36. Zidisha uone: ni kama lita 65. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi hilo likijaa ni kilo 65 bila kuhesabu kioo na changarawe. Mimi nakaa orofa ya tatu, lifti hakuna, na meza niliyokuwa nayo niliinunua kando ya barabara. Fundi seremala akanitengenezea stendi ya mbao ngumu. Ukitaka kuanza, anza na stendi. Samaki watasubiri.

Nikaenda dukani. Sitataja ni duka gani, na muuzaji hakuwa mtu mbaya, alikuwa muuzaji tu. Nilipomwambia nina tangi la lita 65 akanichagulia chapuchapu: goldifishi wawili, beta mmoja mwekundu mwenye mapezi kama kanga, taiga-babu wanne (jina lisikudanganye, si babu ya mtu, ni samaki mdogo mwenye mistari kama chui milia), na pleko mmoja wa "kusafisha kioo". Wote nitawafunga kwenye mfuko, akasema, nakufanyia bei ya jumla. Sikununua siku hiyo. Si kwa sababu nilijua lolote, ila kwa sababu mtu aliyesomea sayansi ya tarakilishi miaka minne hawezi kununua kitu bila kwanza kukitengenezea jedwali.

Na kweli jedwali liliniokoa mara ya kwanza. Ebu tazama orodha ile ya muuzaji. Goldifishi hupenda maji ya nyuzi 18 hadi 22, beta kwao ni Thailand na hupenda 24 hadi 28. Hapo tayari mmoja ataumia. Goldifishi hukua akapita sentimita 20, na ni mchafu, kinyesi chake ni kingi kuliko cha samaki wadogo kumi. Taiga-babu ana tabia ya kudonoa mapezi marefu ya wenzake, sasa mweke na beta mwenye mapezi kama kanga uone. Na yule pleko wa kusafisha kioo, aliyekuwa mfupi kuliko kidole changu, pleko wa kawaida hufika sentimita 30 na zaidi. Yaani nusu ya urefu wa tangi langu. Hakuna hata jozi moja mle ndani ambayo ningeitetea.

Nikaandika programu. Niliiandika kwa Python wikendi moja, mistari kama 120 hivi. Nikaweka aina 14 za samaki, na kwa kila aina nikaandika joto la chini na la juu, pH ya chini na ya juu, urefu, na tabia: mpole au mkorofi. Programu inapita kila jozi, na aina 14 zinatoa jozi 91. Jozi ikipita masharti yote inaandika SAWA kwa rangi ya kijani, isipopita inaandika HAPANA kwa nyekundu. Kwa wale wapenzi wa hesabu, nilikuwa na wasiwasi kidogo: je, A akikubaliana na B, na B na C, na A na C, wote watatu watapata joto moja la kuwafaa? Jibu ni ndiyo. Vipande vya mstari mmoja vikigusana kila viwili, basi lazima kuna nukta moja ambayo vyote vinaigusa. Nilikaa kwenye matatu kutoka Westlands nikilithibitisha kwa kalamu nyuma ya risiti, nikashuka nikiwa na furaha ya kijinga. Sehemu hiyo ya programu haikuwa na kosa mpaka leo. Makosa yalikuwa kwingine.

Kosa la kwanza halikuwa hata ndani ya programu. Nilinunua neoni 10, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa na mkia mwekundu, nikawaweka siku ya pili baada ya kujaza tangi. Maji yalikuwa meupe, safi, unaona mpaka ukuta wa nyuma. Kumbe maji safi kwa macho si maji yaliyo tayari. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, chakula kinachobaki nacho kikioza hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na bakteria wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia hadi utakapobadilisha maji. Bakteria hao hukaa kwenye sponji ya chujio na kwenye changarawe, na kuwapata wa kutosha huchukua wiki nne hadi sita. Mimi niliwapa siku moja.

Wiki ya pili samaki wakaanza kupumua haraka haraka. Nikapima, amonia imepanda. Nikafanya kile ambacho kila mtu angefanya: nikabadilisha nusu ya maji. Asubuhi nikakuta saba wamekufa.

Hapa ndipo nilipokasirika kama mtu aliyerekebisha hitilafu moja na mfumo mzima ukaanguka. Nimetoa nusu ya sumu, kwa nini wafe zaidi? Nilikaa siku tatu na swali hilo. Jibu lilikuwa kwenye mfereji. Ploti yetu, kama nyingi za Nairobi, ina maji ya aina mbili. Siku za zamu tunapata ya mji, yale yanayotoka milima ya Aberdare, kwenye bwawa la Ndakaini. Siku nyingine mwenye ploti anafungulia ya kisima. Ladha tu inatofautiana, chai inatofautiana, ila sikuwahi kufikiri zaidi ya chai. Nikapima: ya mji yalikuwa na pH 6.8, ya kisima 8.2.

Sasa amonia ina sura mbili ndani ya maji. Moja ina chaji na haina madhara makubwa, nyingine haina chaji nayo ndiyo inayoua, na zinabadilishana kulingana na pH. Kwenye nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7 ile ya kuua ni chini ya asilimia moja ya amonia yote. pH ikifika 8 inakuwa asilimia tano hivi. Kila ukipanda hatua moja ya pH, sumu inazidi karibu mara kumi. Nilikuwa nimetoa nusu ya amonia, halafu nikaifanya nusu iliyobaki kuwa kali mara kadhaa kwa maji ya kisima. Mfereji ni uleule, rangi ni ileile. Hakuna mtu aliyeniambia, na mimi sikuuliza, kwa sababu nani huuliza maji ni maji gani?

Tangu siku hiyo nina mitungi mitatu ya lita 20 jikoni. Siku ya maji ya mji najaza, naacha wazi siku nzima klorini itoke, nikiwa na haraka naweka matone ya sodiamu thiosulfeti. (Kama maji yenu yanatiwa kloramini, kuyaacha wazi hakusaidii, tumieni dawa.) Siku ya kisima sigusi tangi.

Nikaanza upya. Wiki sita tangi likawa na mimea, chujio, hita ya wati 75 na wale neoni watatu walionusurika, nikiwapa chakula kidogo na kupima kila jioni. Naliita tangi langu la majaribio. Amonia ilipofika sifuri na nitriti sifuri siku saba mfululizo, nikafungua programu yangu na kuiuliza: maji laini, joto 25, tangi la lita 65, nani anafaa?

Ikanipa jibu zuri. Neoni wa kati ya maji, kundi la kuanzia sita, nikaongeza wakawa 12. Koridora wa chini, sita, wale wenye vindevu wanaozunguka wakipekua mchanga. Kwa ajili yao nilitoa changarawe yote nikaweka mchanga laini, maana changarawe kali huwakata vindevu. Na juu yao wote enjeli mmoja. Huyo nilimpenda mwenyewe. Mwembamba kama sahani, pembetatu, mapezi mawili marefu yananing'inia kama nyuzi. Dukani alikuwa na ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Programu ikasema: enjeli na neoni, wote wa bonde la Amazoni, wote maji laini, joto linapatana, wote wapole. SAWA. Kijani.

Tangi likapendeza kwa kweli. Mpwa wangu wa miaka saba akija Jumamosi alikuwa ananiambia, "Mjomba, zima taa ya sebule", tunakaa gizani tunaangalia. Enjeli akampa jina Bwana Suti. Koridora wote sita akawaita Omena, wote jina moja, akasema hawezi kuwatofautisha. Hesabu yake ni sahihi kabisa.

Septemba baba akaja Nairobi. Mzee wetu anakaa upande wa Mbita, amekuwa mvuvi tangu ujana wake mpaka mgongo ulipokataa. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na alikuja kutolewa, jicho moja kwanza kisha jingine baada ya wiki kadhaa. Mimi na baba si watu wa maneno mengi. Ananiuliza kazi ikoje, namwambia nzuri, tunamaliza. Kazi yangu hajawahi kuielewa na nadhani hakuona sababu ya kuielewa: mtu mzima anakaa kwenye kiti siku nzima, jioni anasema amechoka. Kuhusu tangi alisema sentensi moja tu siku aliyofika, alipoambiwa hawaliwi. Alisema, "Sawa." Ile sawa ya kufunga mlango.

Lakini televisheni ilikuwa inamwumiza macho, simu haoni, na nje ya nyumba ni ngazi za orofa tatu. Mimi naenda kazini, anabaki peke yake. Kitu pekee mle ndani chenye mwanga mpole na kinachosogea kilikuwa tangi. Nikirudi jioni namkuta amesogeza kiti karibu na kioo, mikono juu ya magoti. Sikusema kitu. Siku ya nne au ya tano akaniambia bila kugeuka, kwa Kijaluo, "Hawa wa buluu ni kumi na wawili." Nikamwambia ndiyo baba, kumi na wawili. Hayo yalikuwa mazungumzo marefu kwetu.

Ikawa kila asubuhi kabla sijatoka ananipa hesabu, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya ziwa. Kumi na wawili. Kumi na wawili. Kisha asubuhi moja akasema kumi na mmoja. Nikatafuta maiti, nyuma ya chujio, ndani ya mimea, chini ya stendi kama ameruka. Hakuna. Siku mbili baadaye, kumi. Nikapima maji: amonia sifuri, nitriti sifuri, joto 25, pH 6.8. Nikafungua programu, nikapitia masharti mstari kwa mstari. Kila kitu kijani. Tisa. Nikaanza kufikiri labda ni macho yake, jicho moja limefunikwa na jingine bado lina ukungu, nikahesabu mwenyewe. Tisa.

Walipofika saba nilikuwa nimekaa sakafuni na kipakatalishi, nikisoma msimbo wangu kwa mara ya ishirini, baba akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta kinachowaua samaki. Akanyoosha kidole akagusa kioo mbele ya Bwana Suti. "Si huyu hapa. Tazama mdomo."

Nikatazama mdomo. Nilikuwa nimemwona kila siku kwa miezi, na sikuwa nimemwona. Hakuwa tena sarafu ya shilingi ishirini. Mwili wake ulikuwa umejaa kiganja changu, na mdomo ule mdogo ulikuwa sasa wa kutosha kumeza neoni mzima, mkia na kila kitu. Usiku taa zikizimwa neoni hulala wakielea mahali pamoja. Hakuna kukimbizana, hakuna mapezi yaliyochanwa, hakuna maiti. Kitakachoingia mdomoni kitaliwa. Upole hauhusiani.

"Ulijua lini?" nikamwuliza.

"Siku niliyofika."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani wewe unajua. Ni vitu vyako." Akanyamaza, halafu akasema kitu ambacho ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Akasema, "Hata mbuta tulianza kumwona akiwa mdogo."

Wale ambao si wa ziwani, niwaeleze. Ziwa Victoria lilikuwa na visamaki vidogo vya rangi nyingi tunavyoviita fulu, zaidi ya aina 500, nyingi zikiwa hazipatikani mahali pengine popote duniani. Kila mmoja na chakula chake: mla konokono, mla mwani, mla magamba ya wenzake. Miaka ya 1950 na mapema ya 1960 mbuta akaingizwa ziwani, samaki anayeweza kupita kilo 100, ili uvuvi uongezeke. Miaka mingi hakuonekana sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akalipuka. Baba alikuwa kijana wakati huo. Aliniambia walikuwa wakitoa fulu kwa mitumbwi, wanaanikwa kwenye mawe mpaka ufuo unang'aa, hakuna mtu aliyewahesabu kwa sababu ni nani anahesabu fulu? Kisha nyavu zikaanza kutoa wachache. Kisha akataja majina, moja baada ya jingine, majina ya fulu ambayo mimi sikuwahi kuyasikia na mama hakuwahi kuyapika mbele yangu. Nadhani yalikuwa kumi na tano hivi. Alipofika mwisho akaanza tena, akakumbuka mengine mawili.

Haki itendeke: mbuta ndiye aliyenunua bati la nyumba yetu na kunilipia karo. Viwanda vya minofu vilimpeleka mpaka Ulaya. Baba hakumlaani, na mimi siwezi. Na si yeye peke yake aliyeharibu, maji yenyewe yalichafuka, na ukungu wa maji ukawazuia fulu kutambuana kwa rangi wakati wa kuzaana. Lakini mamia ya aina zilitoweka au zikabaki chache mno, ndani ya miaka isiyozidi kumi hivi. Mtu aliyeishi ndani ya jambo hilo amekaa kwenye kiti changu cha plastiki, na mimi naangalia skrini inayosema SAWA.

Usiku ule niliitengeneza programu. Makosa yalikuwa matatu na yote ni ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. La kwanza, safu ya urefu niliijaza kwa ukubwa niliouona dukani. Nilikiweka kigeu kama kitu kisichobadilika. Samaki dukani ni mtoto, na jedwali lako linatakiwa kubeba urefu wa mtu mzima. Enjeli ni sentimita 15. La pili, nilidhani uhusiano ni wa pande mbili. Nilihesabu nusu tu ya jedwali, nikasema kama A anapatana na B basi na B anapatana na A. Joto ni hivyo, pH ni hivyo. Kula si hivyo. Ni mshale wenye upande mmoja, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyokuwa na mshale. La tatu ni idadi. Programu ilijua neoni na koridora wanapatana, haikujua neoni wawili peke yao ni samaki wawili wenye hofu, na kwamba wanahitaji kundi. Taiga-babu vilevile: wakiwa wanane au zaidi hudonoana wenyewe kwa wenyewe, wakiwa watatu humdonoa jirani.

Nikaongeza sharti jipya juu kabisa, kabla ya joto na pH. Ndani ya msimbo nimeliita mdomo_wa_baba. Linalinganisha mdomo wa mkubwa na kimo cha mwili wa mdogo, wote wakiwa wamekomaa. Nilipoiendesha, katika zile jozi zilizokuwa za kijani, tisa ziligeuka nyekundu.

Haya, kwa wanaotaka kuanza, nipite haraka. Jua maji yako kwanza, ndipo uchague samaki. Wenye maji magumu ya kisima, msihangaike kuyalainisha, chukueni gapi na plati, wanayapenda. Ila gapi jike huzaa karibu kila wiki nne, na akishakutana na dume mara moja huweza kuzaa tena na tena kwa miezi. Nunua madume peke yake au jiandae kugawa samaki mtaa mzima. Nairobi ya Julai ni baridi, tangi langu bila hita lilishuka hadi 19, na stima ikipotea hita inazima. Asiyetaka hita achague danio milia, anaanzia nyuzi 18. Wa Mombasa shida yenu ni joto la juu, si la chini. Na stima ikikatika kwa saa nyingi, kinachoumia kwanza ni bakteria wa chujio, hawana hewa. Pampu ndogo ya betri ni pesa iliyotumika vizuri.

Kuna watakaoniuliza kwa nini sifugi samaki wa kwetu. Mbuna wa Ziwa Malawi ni warembo kuliko neoni mara mia, lakini wanataka maji magumu ya pH 7.8 hadi 8.6, tangi kubwa, na ni wagomvi wa mipaka, hawachanganywi na wapole. Pwani yetu ina Nothobranchius, vito vidogo vinavyoishi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wazazi wanakufa na mayai yanangoja ndani ya udongo mpaka mvua ijayo. Maisha yao ni ya miezi, na madume hupigana. Hao nitawapa tangi lao siku moja.

Kuhusu Bwana Suti, ilibidi nimweleze mpwa wangu. Nilitafuta maneno ya upole, akanikatiza: "Kwani alikuwa na njaa?" Nikasema hapana, alikuwa mkubwa tu. Akafikiri, akasema basi apewe nyumba ya wakubwa. Nilimpeleka kwa jamaa mmoja wa Rongai mwenye tangi la lita 300 na enjeli wengine wanne. Nilimbeba kwenye ndoo yenye kifuniko ndani ya matatu, kondakta akaniuliza ni ngege, nikasema ni mgonjwa.

Jicho la pili la baba lilitolewa Novemba. Siku bandeji ilipotoka nilimrudisha nyumbani, akaenda moja kwa moja kwenye kioo bila kuvua koti. Alikaa pale muda mrefu. Kisha akaniambia wale wa chini, Omena, wana madoadoa ubavuni na hakuna wawili wanaofanana. Nikainama nikatazama, na ni kweli.

Amerudi ziwani sasa. Huwa anapiga simu Jumapili jioni, na hanisalimu. Anauliza, "Wangapi?" Wiki iliyopita nilimwambia kumi na wawili, maana nimeongeza watano. Akauliza kama wale watano wapya nimewatazama mdomo.